Kupima Safari ya Maarifa kwa Marejeo ya Hataza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi na Lamu

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi, walimu na vijana wa Malindi na Lamu wanaochunguza namna ujuzi wa kiufundi unavyosafiri kutoka kwa mtu hadi mtu na kutoka nchi hadi nchi, na ambao katika kazi hiyo wamekutana na kipimo cha marejeo ya hataza. Ni kipimo kizuri, nami nakitetea, lakini kina sharti moja litakalojitokeza katika majibu mengi yafuatayo: kabla ya kulihesabu rejeo, jua ni nani aliyeliandika na kwa sababu gani.

Hataza ni nini, na rejeo la hataza ni nini?

Hataza ni haki ya kipekee ambayo serikali humpa mvumbuzi kwa muda maalumu, ambao kwa Kenya ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi, kwa sharti kwamba naye aueleze uvumbuzi wake hadharani kwa ukamilifu wa kumwezesha fundi wa fani hiyo kuutengeneza. Rejeo ni hati ya awali inayotajwa katika hataza mpya kwa kuwa inahusu jambo hilohilo au linalokaribiana nalo. Kazi yake ya kwanza ni ya kisheria: huonyesha mpaka kati ya yale yaliyokwisha kujulikana na yale ambayo mwombaji anaruhusiwa kuyadai kuwa yake.

Ukitaka kuyaona marejeo kwa macho yako, fungua ukurasa wa kwanza wa hataza yoyote ya Marekani ya miaka ya karibuni. Kila taarifa imetanguliwa na namba ndani ya mabano: 54 ni jina la uvumbuzi, 72 ni wavumbuzi, 73 ni mwenye haki, na 56 ni orodha ya marejeo. Chini ya 56 utakuta namba ya kila hati iliyotajwa, tarehe yake na jina la mwenye hati hiyo, na pembeni mwa baadhi ya mistari utaona kinyota kidogo. Kishike akilini kinyota hicho, kwa kuwa kina uzito mkubwa katika swali la tatu.

Marekani ilianza kuchapisha orodha hii ndani ya hataza mwaka 1947. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alipewa hataza mwaka 1911 kwa injini ya kutundikwa nyuma ya boti, babu wa injini zinazovusha abiria kila siku kati ya Mokowe na Lamu. Hataza yake haina orodha ya marejeo hata kidogo. Hilo halimaanishi kwamba Evinrude hakujifunza kwa mtu. Utaratibu wenyewe haukuwepo.

Ni nani aliyeona kwamba orodha ya kisheria inaweza kupima maarifa?

Mwaka 1991 mwanauchumi Paul Krugman aliandika kwamba mitiririko ya maarifa haionekani na haiachi karatasi zinazoweza kufuatiliwa, na kwa hiyo mtafiti anaweza kudai lolote kuihusu bila mtu wa kumkanusha. Miaka miwili baadaye Adam Jaffe, Manuel Trajtenberg na Rebecca Henderson walijibu kwamba wakati mwingine karatasi hizo zipo, nazo ni hataza. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: hataza ya leo ikiitaja ya jana, basi huenda mwenye ya leo alijenga juu ya kazi ya mwenye ya jana, na kwa kuwa kila hataza ina tarehe, jina na mji wa mvumbuzi, tunaweza kuona ujuzi umevuka umbali gani na kwa muda gani.

Wazo la kuorodhesha nani anamtaja nani lilikuwa limeshafanyiwa kazi katika sayansi, hasa na Eugene Garfield, ambaye faharasa yake ya marejeo ya makala za kisayansi ilitoka mwaka 1964. Jipya lilikuwa kulipeleka katika uchumi na kulipima kwa takwimu. Mwaka 2001 Jaffe na Trajtenberg, pamoja na Bronwyn Hall, walitoa bure hazina ya takwimu yenye karibu hataza milioni 3 zilizotolewa Marekani kati ya 1963 na 1999, pamoja na marejeo zaidi ya milioni 16 yaliyofanywa kuanzia 1975. Tangu hapo mtafiti mwenye kompyuta ya kawaida ameweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji kupekua makabati ya karatasi.

Ni nani hasa anayeandika marejeo: mvumbuzi, wakili au mkaguzi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwanafunzi aanze nalo, na ndilo linalorukwa mara nyingi kuliko yote. Jibu ni kwamba wote watatu huandika, na kila mmoja ana sababu yake.

Nchini Marekani mwombaji ana wajibu wa uaminifu: kila anachokijua ambacho kinaweza kuathiri uamuzi wa kumpa hataza lazima akiweke wazi, na akificha kwa makusudi, hataza yake inaweza baadaye kupoteza nguvu mahakamani. Wakili wake kwa hiyo huona heri kutaja zaidi kuliko kutaja pungufu. Kisha mkaguzi wa ofisi ya hataza hufanya upekuzi wake mwenyewe, na akikuta hati inayohusika huiongeza katika orodha, hata kama mvumbuzi hajawahi kuiona.

Kwa miaka mingi marejeo ya pande zote yalichapishwa yakiwa yamechanganyika, na watafiti wakayahesabu kana kwamba yote yametoka kichwani mwa mvumbuzi. Kuanzia Januari 2001 ofisi ya Marekani ikaanza kutia kinyota kwenye rejeo lililowekwa na mkaguzi. Juan Alcácer na Michelle Gittelman walizichambua hataza hizo, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo yaliyowashtua wengi: katika hataza ya wastani, asilimia 63 ya marejeo yaliwekwa na mkaguzi, na katika asilimia 40 ya hataza, mkaguzi ndiye aliyeweka marejeo yote. Maana yake ni kwamba katika hataza nne kati ya kila kumi hakuna hata rejeo moja ambalo tunaweza kusema kwamba mvumbuzi alilileta mwenyewe.

Barani Ulaya hali ni tofauti tena. Mwombaji wa huko hana wajibu mpana kama ule wa Marekani, na marejeo mengi hutoka katika ripoti ya upekuzi ya mkaguzi. Ripoti hiyo huweka herufi kwenye kila rejeo: X kwa hati ambayo peke yake inabomoa dai la upya au la ubunifu, Y kwa hati inayolibomoa ikiunganishwa na nyingine, na A kwa hati inayoeleza hali ya fani tu. Tafakari juu ya X. Mvumbuzi aliyekuwa anaifahamu hati hiyo pengine asingepoteza fedha zake kuomba hataza, au angeomba kwa madai yaliyo tofauti. Rejeo la X kwa hiyo linaweza kuwa ushahidi kwamba maarifa hayakumfikia, na akavumbua upya kilichokuwepo tayari. Anayelihesabu kama dalili ya mtiririko wa maarifa amelisoma kinyume.

Ikiwa mambo ni hayo, kwa nini tusikiache kipimo hiki?

Kwa sababu wavumbuzi wenyewe wameulizwa. Jaffe na Trajtenberg, wakishirikiana na Michael Fogarty, waliwatumia wavumbuzi hojaji kuhusu hati zilizotajwa katika hataza zao, na kwa hekima wakachomeka ndani yake hataza nyingine inayofanana ambayo haikutajwa, ili kuona kama wahojiwa wangesema tu kwamba wanajua kila kitu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2000 yalionyesha kwamba karibu nusu ya marejeo yaliambatana na namna fulani ya mawasiliano ya maarifa, na karibu nusu hayakuambatana na lolote; hata hivyo, zile hataza zilizotajwa kweli zilijulikana kwa wavumbuzi zaidi ya zile zilizochomekwa.

Rejeo moja, basi, halithibitishi kitu. Marejeo elfu 10 yanaweza kuthibitisha, mradi makosa yaliyomo hayaelekei upande mmoja. Makosa ya kubahatisha hufifia yanapojumlishwa, lakini makosa yenye mwelekeo hubaki na hata huonekana kama ugunduzi. Mkaguzi anayeweka marejeo mengi zaidi katika fani moja kuliko nyingine, au mwaka huu kuliko mwaka jana, analeta makosa ya aina hiyo ya pili, na ndiyo sababu ninasisitiza habari ya kinyota.

Je, ni kweli kwamba maarifa hukaa karibu na mahali yalipozaliwa?

Hili ndilo dai maarufu zaidi lililotoka katika utafiti wa 1993 wa Jaffe, Trajtenberg na Henderson, na namna lilivyopimwa inastahili kuelezwa polepole.

Tuseme kwamba karibu chumvi yote ya nchi hutengenezwa Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, na mtu wa Gongoni akapata hataza ya njia mpya ya kukausha chumvi. Baadaye hataza hiyo ikirejelewa mara nyingi na watu wa Gongoni, je, tumethibitisha kwamba majirani hujifunza kwa jirani? Bado. Wao ndio walio katika kazi hiyo, na hata kama hakuna aliyezungumza na mwenziwe, marejeo yangetoka hukohuko. Ili kuondoa utata huo, watafiti wale waliitafutia kila hataza inayorejelea mwenzake wa kulinganishwa naye: hataza ya kundi lilelile la teknolojia, iliyoombwa karibu wakati uleule, ila haikuirejelea ile ya kwanza. Waliziondoa pia kampuni zinazojirejelea zenyewe. Kisha wakauliza kama zile zinazorejelea zinatoka mji uleule, jimbo lilelile na nchi ileile zaidi ya hizo za kulinganishwa. Jibu likawa ndiyo katika ngazi zote tatu, na ukaribu huo ulipungua taratibu kadiri miaka ilivyopita.

Mwaka 2005 Peter Thompson na Melanie Fox-Kean walipinga. Makundi ya teknolojia yaliyotumika, walisema, ni mapana mno. Ndani ya kundi moja mna fani ndogo ambazo nazo zimejikusanya katika miji yake. Walipochagua hataza za kulinganisha kwa makundi madogo zaidi, athari ya mji na ya jimbo haikuonekana tena, ikabaki ya nchi peke yake. Watafiti wa awali walijibu katika jarida hilohilo kwamba kubana makundi namna hiyo kunaleta matatizo mengine. Mwaka uliofuata Thompson alikitumia kinyota: alilinganisha marejeo ya wavumbuzi na ya wakaguzi ndani ya hataza zilezile, akakuta kwamba ya wavumbuzi yanaegemea ujirani zaidi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika mjadala huu, kwa kuwa mkaguzi mwenyewe anakuwa kipimo cha kulinganishia, na hakuna haja ya kubishana juu ya upana wa makundi.

Linabaki swali la nini hasa kinachobeba maarifa katika ujirani huo. Paul Almeida na Bruce Kogut walionyesha mwaka 1999, kwa teknolojia ya nusu-vipitishi, yaani vitu vinavyotengenezewa chipu za kielektroniki, kwamba maarifa yalibaki ndani ya eneo hasa pale wahandisi walipohama kutoka kampuni moja hadi nyingine ndani ya eneo hilo. Stefano Breschi na Francesco Lissoni wakaja kusisitiza jambo hilo mwaka 2009: sehemu kubwa ya kinachoitwa athari ya ujirani ni watu kubadilisha kazi na kushirikiana katika uvumbuzi. Anayejua jinsi fundi wa Matondoni anavyokwenda kuunda jahazi kisiwa kingine na mbinu zake zikabaki huko hatashangazwa na matokeo hayo.

Hataza iliyorejelewa mara nyingi ina thamani kubwa zaidi?

Kwa wastani, ndiyo. Trajtenberg alionyesha mwaka 1990, kwa mashine za kupiga picha za ndani ya mwili zinazoitwa skana za CT, kwamba idadi tupu ya hataza haielezi vizuri faida ambayo jamii ilipata, lakini hataza zikipimwa kwa marejeo yake, uhusiano huo unaonekana. Hall, Jaffe na Trajtenberg walikadiria mwaka 2005 kwamba rejeo moja la ziada kwa kila hataza huambatana na ongezeko la takriban asilimia 3 la thamani ya kampuni sokoni. Thamani na mtiririko wa maarifa ni mambo mawili, hata hivyo, na rejeo la mkaguzi linaweza kuwa dalili nzuri ya la kwanza huku likiwa dalili dhaifu ya la pili.

Naweza kulinganisha hataza ya 1980 na ya 2015 kwa idadi ya marejeo?

Usifanye hivyo moja kwa moja. Ya 1980 imekuwa na miaka mingi zaidi ya kurejelewa, na marejeo huchukua muda mrefu: katika takwimu za Marekani za hadi 1999, nusu ya marejeo yalielekezwa kwa hataza zilizokuwa na umri wa miaka 10 au zaidi. Tena, desturi ya kutaja imebadilika. Kompyuta zimerahisisha upekuzi na orodha zimerefuka. Njia ya kawaida ni kuigawa idadi ya marejeo ya hataza kwa wastani wa hataza za mwaka wake na fani yake, kisha kulinganisha uwiano huo. Kwa sababu hizohizo, usichanganye katika jedwali moja marejeo ya Marekani na ya Ulaya.

Na marejeo ya makala za kisayansi yaliyomo ndani ya hataza?

Hayo yanaonyesha kiungo kati ya sayansi na ufundi. Francis Narin na wenzake walikuta mwaka 1997 kwamba asilimia 73 ya makala zilizotajwa katika hataza za viwanda vya Marekani zilitokana na sayansi ya umma, yaani vyuo vikuu, maabara za serikali na taasisi zinazofanana nazo. Ni hoja nzito kwa yeyote anayetetea bajeti ya utafiti.

Mwarobaini unahusikaje na haya?

Hakuna mtaa wa Malindi usio na mwarobaini, na hakuna nyanya asiyejua kazi ya majani yake. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa njia ya kuua kuvu kwa mafuta ya mti huu. Pingamizi zilipelekwa kwamba wakulima wa India walikuwa wakiifanya kazi hiyo tangu zamani; hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Hataza ya Marekani ya 1995 kuhusu kutibu vidonda kwa unga wa manjano ilifutwa mwaka 1997, baada ya baraza la utafiti la India kuleta maandishi ya kale kuwa ushahidi.

Ujuzi huo ulikuwa umesafiri kwa karne nyingi bila kuacha rejeo hata moja, kwa sababu mkaguzi hutafuta katika maandishi anayoweza kuyasoma. India ilianza mwaka 2001 kujenga hazina ya kidijitali ya elimu ya tiba za jadi, ikafasiriwa katika lugha ambazo wakaguzi wanazielewa. Mtafiti asiyekuwa makini, akiona marejeo ya elimu ya India yameongezeka baada ya hapo, anaweza kusema kwamba maarifa ya India yameanza kutiririka kwenda Ulaya, ilhali kilichobadilika ni maktaba ya mkaguzi.

Je, Lamu na Malindi tunaonekana katika takwimu hizi?

Kwa shida sana, na inaniuma, kwa sababu wasioonekana katika takwimu huhesabiwa kuwa hawana la kuchangia. Kenya ina Taasisi ya Mali ya Viwanda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na ni mwanachama wa shirika la kikanda la ARIPO lenye makao yake Harare. Njia ya kuomba hataza ipo. Lakini ujuzi mwingi wa pwani haupiti huko. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma, na kila aliyejua kuushona alijifunza kwa mkono wa mwingine. Jahazi lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotumika, likapambwa kwa mabaki ya kandambili zipatazo 30,000, likaingia majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, lilitegemea jicho la mafundi waliorithi kazi hiyo kwa wazee wao.

Malindi nako kuna Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya kijiji hicho, ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani. Matokeo yake yalienea duniani kupitia majarida ya astronomia, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Anayehesabu marejeo ya hataza ataona sehemu ndogo tu ya habari hiyo, na kama kijana wa Ngomeni alijifunza kuchomelea vyuma pale kituoni kisha akafungua karakana mjini, hataona chochote.

Nianzie wapi, nikiwa na simu au kompyuta tu?

Google Patents na Espacenet hazidai malipo, nazo huonyesha kwa kila hataza hati ilizozirejelea na zile zilizoirejelea baadaye. Anayetaka takwimu nyingi kwa pamoja atumie PatentsView ya Marekani, ambayo huonyesha pia aina ya aliyeweka rejeo. Kwa mazoezi, chukua hataza ya Marekani namba 6,285,999, iliyotolewa tarehe 4 Septemba 2001, ambayo mvumbuzi wake ni Lawrence Page na mwenye haki ni Chuo Kikuu cha Stanford, kuhusu njia ya kupanga kurasa za intaneti kwa viungo vinavyoelekea kwenye kila ukurasa. Ziorodheshe hataza 20 zilizoirejelea, andika nchi, mwaka na mwenye haki wa kila moja, ondoa zinazotoka kwa mwenye haki yuleyule, kisha tenga zenye kinyota. Utaona mwenyewe jinsi picha inavyobadilika katika kila hatua.

Na ikiwa ninataka kupima ujuzi wa pwani ambao hauna hataza?

Tumia mantiki ileile kwa vyanzo vingine. Waulize waunda vyombo wa Matondoni, au mafundi wa injini za boti wa Malindi, mbinu fulani walijifunza kwa nani, wapi na mwaka gani, na uwaulize pia kuhusu fundi ambaye unajua hawakujifunza kwake, kama walivyofanya watafiti wa ile hojaji ya mwaka 2000. Omba idhini kabla ya kuandika siri ya kazi ya mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda elimu ya jadi imezipa serikali za kaunti jukumu la kukusanya na kusajili elimu hiyo, kwa hiyo peleka nakala ya kazi yako kwenye kaunti ya Lamu au ya Kilifi, ikiwa wenye ujuzi wenyewe wameridhia.